Unga wa Mganga

Dada yangu wa moyoni,

Sisi wazima, Mungu ni mwema. Mama ameanza tena kushona. Kitindamimba wetu ametulia, zile sauti za kichwani hazimsumbui tangu aanze unga wa mganga. Mama ananicheka: "Si niliwaambia? Hospitali walikuwa wanamlewesha tu."

Lakini dada, mganga alitaka kwanza tumkabidhi vidonge vyote vya hospitali, eti avichome moto. Moshi sikuuona. Sasa mikono ya mdogo wetu inatetemeka kama enzi zile za vidonge, na unga nimeuonja, una uchungu uleule. Nikamuuliza mganga. Akasema, "Imani yako haba."

Imani yangu iko kwa Mungu, huyu mganga simjui. Vidonge vyetu vikimwishia, atamsagia nini? Kesho nampeleka mdogo wetu kliniki. Mpigie Mama asubuhi, umzungumzishe mpaka tuwe tumeshatoka.

Mdogo wako akuombeaye