Kiraka Kisichoonekana: Maelezo ya Fundi Sindano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Sindano. La kitambulisho liko kwenye jalada.
Umri: Miaka sabini na mmoja.
Kazi: Fundi cherehani.
Makazi: Chumba cha nyuma ya duka langu, mtaa wa soko la mitumba.

Nasema kwa hiari yangu mbele ya Konstebo anayeandika. Nimemwambia mapema: aandike ninavyosema mimi, anisomee, ndipo niweke sahihi. Hiyo ni haki yangu. Shule sikukaa sana, lakini majoho ya mawakili wa mahakama hii nayashona mimi, na mtu anayepimwa mabega huwa anaongea.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, alasiri, mpwa wangu alikamatwa kwa tuhuma za kuiba nyaya za shaba kwenye jengo linalojengwa karibu na stendi. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu anatambaa. Nilimfuata kituoni nikamwambia kwa sauti, askari wanasikia: "Taja jina lako basi. Mengine mpaka wakili aje." Akanyamaza kama jiwe. Walimuuliza mpaka wakachoka wao. Nilirudi mtaani nimetanua kifua, na kila aliyeniuliza nilimweleza.

Tarehe 10, saa tatu asubuhi, Sajini wa kituo hiki alikuja dukani. Ni mteja wangu wa miaka mingi, tumbo lake nalijua kuliko mkewe. Suruali yake ya kazi ilikuwa imepasuka msambani. Akaivua nyuma ya pazia, akajifunga kipande cha bitana kiunoni, akakaa kwenye kigoda changu.

Hapa Konstebo alitaka kuruka. Nimemkatalia. Aandike kwamba Sajini hakuwa na suruali. Kwangu mimi polisi ni magwanda, na magwanda yalikuwa chini ya sindano yangu. Aliyebaki pale kigodani alikuwa rafiki yangu.

Alisema, "Mzee wangu, kijana katushinda. Nani kamfundisha?" Nikasema mimi, nani mwingine. Akacheka, akanisifu kwamba sheria naijua, ila ushonaji ndio umenitupa mkono, kwamba siku hizi mshono wangu unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara.

Maneno hayo yalinichoma. Nilimwambia kwamba Ijumaa iliyopita mpwa wangu alikuja na suruali nyeusi imechanwa pajani na seng'enge. Nikachomoa nyuzi kwenye upindo wa suruali hiyo hiyo, nikazirudishia pale palipochanika uzi kwa uzi, na hata mama yake akifufuka leo hataona kitu. Akauliza seng'enge ya wapi. Nikasema sikuuliza, mimi nashona nguo, sishoni habari za watu. Akauliza ilikuwa Ijumaa saa ngapi. Nikamwambia jioni, nikiwa nafunga duka.

Akaomba suruali yake. Akaivaa, akafunga kifungo, akafunga mkanda, na kadiri alivyofunga ndivyo uso ulivyobadilika. Akasema, "Asante, mzee. Utahitajika kituoni." Hakunionya kwamba maneno yangu yatachukuliwa kama ushahidi. Nimeuliza hapa kama asubuhi ile alikuwa kazini au alikuwa mgeni wangu. Sijajibiwa. Ndipo nikaambiwa kwamba Ijumaa hiyo hiyo, nyaya zilipoibwa, juu ya ukuta wa lile jengo, walikuta kipande cha kitambaa cheusi kwenye seng'enge.

Nilipoletwa hapa mchana huu nilipishana na mpwa wangu kwenye korido, ana pingu. Nikamsalimia. Akasema, "Mjomba, mimi nilinyamaza."

Sasa wamenitandikia mezani suruali zake nyeusi zote, nionyeshe yenye kiraka. Wamezigeuza nje ndani, wamezimulika kwa tochi, wamezipeleka dirishani. Hawakioni. Mimi nimetupa jicho mara moja tu nimekiona. Sitaonyesha. Hakimu akiniita nitasimama mbele yake, wakili akiwa pembeni yangu. Hapa kituoni nimemaliza.

Na Sajini asilete tena suruali kwangu.

Nimesomewa yote haya, ni maneno yangu, hakuna lililopunguzwa.

Sahihi ya shahidi: F. Sindano

Maelezo ya mwandishi: Nimeandika mimi, Konstebo wa zamu, na kumsomea shahidi mara mbili kwa ombi lake. Aliombwa aondoe maneno "hakuwa na suruali", akakataa. Baada ya kuweka sahihi, Sajini aliingia, akasema mbele yetu kwamba hakuna kiraka chochote, mzee alikuwa anajisifu tu, na kazi ya namna hiyo hajawahi kuiweza. Shahidi alishika ukingo wa meza. Midomo ilimcheza. Alitazama ukutani mpaka Sajini akatoka, na hakusema kitu.