Moyo Ukitetemeka Naelea: Nitibiwe au Niache?

Dada mshauri, nimekaa na jambo hili mpaka limenijaa kooni, na kwa kuwa hunijui wala sikujui naona kwako nitasema bila haya, ila nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza.

Mimi ni mshonaji wa mapazia, umri wangu unaelekea sitini, mume wangu alikuwa dereva wa lori na sasa amestaafu, ananisaidia kufunga reli za mapazia kwenye nyumba za wateja, na karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye dirisha pana na meza ndefu ya kukatia. Mwaka jana nikiwa napiga pasi kitambaa cheupe, kile chepesi kinachopitisha mwanga, moyo wangu ulianza kwenda ovyo, haukudunda kwa nguvu kama wa mtu aliyekimbia, hapana, ulikuwa unatetemeka, unaruka pigo moja halafu unaharakisha mengine kama unayafukuza, na mwili wote ukawa mwepesi, sauti za mtaani zikaenda mbali, kile kitambaa kikawa kama kinapumua chenyewe, nikabaki nimesimama na pasi mkononi mpaka mume wangu akaja mbio, "Mama! Kuna kitu kinaungua!"

Tukaenda hospitali, nikabandikwa nyaya kifuani, na daktari, mama mmoja mpole, akaniambia vyumba vya juu vya moyo wangu vimeacha kupiga kwa mpangilio, vinatetemeka tu, akanipa vidonge vya aina mbili, vya kupunguza mwendo wa moyo na vya kuzuia damu isigande, akasema visiponituliza kuna njia ya kuushtua moyo kwa umeme nikiwa nimelazwa usingizi, na kuna njia ya kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa juu ya paja mpaka moyoni, wachome pale panapoanzisha vurugu. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa yote, lakini neno nililotoka nalo mlangoni ni moja tu, wachome.

Nilipomsimulia mdogo wangu wa kike alijishika mdomo. "Dada, moyo ndio tunaopendea watu. Wakishauchoma utabaki na nini?" Nikamcheka, lakini maneno yake yaliingia, maana kuna jambo sijamwambia mtu. Hali ile ikinijia, marehemu mama yetu anakuja. Sisemi mzuka. Naketi kwenye kiti cha dirishani, moyo unapapatika, mapazia ya wateja yaliyotundikwa yanakwenda na kurudi na upepo, na mama anakuwa yupo upande wa pili wa kitambaa, namsikia akiimba chini kwa chini huku anakunja nguo, nasikia mpaka harufu ya sabuni aliyokuwa anafulia, na mwanga unakuwa kama wa maziwa, na sitaki aondoke. Nimeanza kuingojea hali hiyo kama mtu anavyongojea mgeni wake. Ndiyo maana vidonge vya kutuliza mwendo nikaviacha, na vile vya damu nikaviacha pia ila kwa sababu nyingine, kazi yangu ni sindano na mkasi, kujichoma kwangu ni kila siku, nikaogopa nitavuja damu nisikauke, juu ya vitambaa vya watu.

Sasa juzi asubuhi mume wangu alikuwa juu ya ngazi, nikataka anipe mkasi aliokuwa ameuweka mfukoni, nikamwambia, "Nipe mvua."

"Nini?"

"Mvua. Hiyo mvua mfukoni mwako."

Nilijua silo neno lenyewe, dada, nilikuwa naliona neno mkasi kwa mbali kama mtu unayemjua amesimama ng'ambo ya barabara, lakini ulimi ulileta mvua, na mkono wangu wa kulia ukawa mzito kama niliulalia. Mume wangu alicheka mpaka ngazi ikatikisika, "Mama, leo umeamka mshairi!" Na kabla chai yangu haijapoa kila kitu kilikuwa kimerudi, mkono sawa, maneno sawa, tukaendelea na kazi, naye amesahau.

Naomba uniambie, nikikubali huo waya mama atakuja tena? Au niuache moyo wangu ukae unavyotaka, maana mbona haunidhuru?

Ni mimi, Mama Mapazia.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Mama Mapazia,

Nilipofika kwenye neno mvua niliiweka barua yako mezani nikachukua simu. Kungoja gazeti litoke kungekuwa kukuzika. Bahati nzuri namba ya simu uliiandika nyuma ya bahasha, na mumeo akapokea.

"Mpeleke mkeo hospitali sasa hivi," nikamwambia.

"Lakini yupo hapa anashona, mzima kabisa."

"Mpeleke hivyo hivyo akiwa mzima."

Wasomaji wangu, alimpeleka. Siku chache baadaye dada huyu alinipigia mwenyewe kutoka wodini, maneno yakiwa yamenyooka, akaniruhusu nichapishe ili mwingine asikae na jambo kama hili. Kwa hiyo sasa umepata nafuu, dada, na mimi napata nafasi ya kukugombeza.

Unauliza mbona moyo haukudhuru? Ulikuwa umeshakudhuru! Ile mvua yako haikuwa ndoto wala ushairi. Kilikuwa kiharusi cha kupita, na daktari wako amekuambia hivyo hivyo. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo, ikituama inaweza kuganda, na bonge dogo likichomoka likapanda kichwani linaziba mshipa. Safari hii njia ilifunguka yenyewe na picha ya kichwa haikuonyesha athari. Safari nyingine huenda isiwe na huruma hiyo. Mtu akipinda mdomo, akalegea mkono au akapotewa na maneno, hata kama yamerudi kabla chai haijapoa, ni hospitali palepale.

Nilikaa na daktari wa moyo nikamuuliza kila ulichoogopa kuuliza. Vidonge vya damu ndivyo vinavyokulinda na kiharusi, wala hakuna kingine katika ulivyopewa kinachofanya kazi hiyo. Sindano ikikuchoma, bonyeza na kitambaa safi, utatokwa na damu zaidi kidogo kuliko mwanzo kisha itakoma. Vaa kastabini, ile kofia ya kidole, kama fundi mwenye akili. Ukianguka ukagonga kichwa, au ukiona choo cheusi, kimbilia hospitali. Lakini kuviacha vidonge kimya kimya bila kumwambia daktari, hapo ulikosea sana, na nakwambia nikiwa nakupenda.

Umeme unaurudisha moyo kwenye mpangilio, mara nyingine kwa muda tu, na kwa kawaida unatanguliwa na wiki kadhaa za vidonge vya damu. Waya unachoma, au unagandisha kwa baridi, vijisehemu vidogo vinavyoleta vurugu. Huwasaidia wengi wajisikie vizuri, wengine hurudiwa na mtetemo, nao una hatari zake ambazo lazima uambiwe wazi, na hata baada yake huenda ukaendelea na vidonge vya damu. Wengine hubaki na vidonge vya kutuliza mwendo na wakaishi vyema. Hakuna njia moja ya watu wote. Inategemea umri wako, hali ya moyo wako na jinsi unavyotaka kuishi.

Sasa mama yako. Swali hili lilinikalisha muda mrefu, maana wangu pia ametangulia. Kule kuelea, dada, ni kizunguzungu, moyo hausukumi sawasawa. Ila soma tena ulivyoniandikia. Siku moyo ukitetemeka ndiyo siku unayoketi. Siku nyingine zote umesimama mezani, unakata, unapima, unamfokea mumeo kwenye ngazi. Mama yako hakuletwa na ugonjwa. Alikuwa anangoja ukae. Basi kaa, kila alasiri, kazi isimame, nawe huna haja ya kuugua ndipo upate ruhusa ya kumkumbuka. Hakuna waya utakaofika alipo.

Umeniambia umeanza tena vidonge vyote, na kwamba daktari atakupa miadi ya kuzungumzia huo waya bila kukuharakisha. Vizuri. Meza vidonge mumeo akikuona, mpaka mazoea yashike. Siku ya kliniki nenda naye, na mdogo wako aje pia, aulize lile swali lake la kupenda mbele ya daktari, asikie jibu kwa masikio yake. Waambie pale kwamba uliacha dawa na kwa nini, wasikupangie matibabu ya mtu mwingine. Ukitoka nje ukagundua kuna jambo hujalielewa, geuka, gonga mlango, uanze upya. Daktari hatakuchoka. Akikuchoka, namba yangu unayo.