Ukuta wa Darasa la Sita

Nyumba za Walimu, Namba 4
Jumapili, 14 Mei

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu za dhati. U mzima? Na wifi, mgongo umemwachia? Sisi huku tu hai, na leo neno hilo nalimaanisha.

Kaka, ukuta wa darasa langu umeanguka! Lile jengo jipya, halina hata mwaka. Hakuna mtoto aliyeumia, na ni kwa sababu ya Mama.

Walipokuwa wanachimba msingi, Mama alipita kuniletea mwavuli. Akaokota udongo, akaufinyafinya, akamwambia fundi mkuu, "Huu ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka. Hata chungu sifinyangi bila kuutia mchanga. Chimbeni mpaka muupite." Fundi akacheka. Na mimi nikacheka, Kaka. Nikamwomba fundi radhi kwa ajili ya mama yetu mzazi!

Alhamisi, baada ya mvua ya wiki nzima, nilikuwa nafundisha aina za udongo. Ndiyo kwanza nimeandika ubaoni "udongo wa mfinyanzi", mara Mama huyo mlangoni, hata hodi hakupiga. Alikuwa ameuona ufa kwa nje.

"Watoe watoto."

"Mama, niko kazini."

Hakubishana nami. Aliwashika mikono watoto wa mbele, wengine wakafuata wakidhani ni mchezo. Nikatoka nyuma yao nimefura kwa hasira. Hatujafika hata bombani, ukuta ukalala juu ya madawati.

Ule mlio siwezi kukueleza. Niliwahesabu watoto mara nne, arobaini na mmoja, na kila mara nikahisi nimekosea.

Miaka tisa nafundisha udongo kwa kitabu. Mama ameushika maisha yake yote, nami sijawahi kumwuliza swali hata moja. Nilipomwuliza kwa nini siku ile ya msingi hakushikilia neno lake, alinijibu taratibu, "Ulikuwa unanionea haya, mwanangu. Nikaona nisikuharibie."

Nilikosa pa kuficha uso.

Mwalimu mkuu amemwomba awe anafundisha watoto kila Ijumaa. Mama kasema atakuja, ila mwalimu wa sayansi amwalike mwenyewe. Ndiye mimi huyo. Siku ya tatu leo natafuta maneno. Nikishaifunga bahasha hii nakwenda kwake, niwe nimeyapata maneno au la.

Nisalimie wifi, Bonge wenu, na shangazi mkimtembelea. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Mdogo wako anayekupenda mno,
Kitindamimba