Nani Alishika Miche ya Minyaa

Jumatano, Machi 1938. Mvua imekatika, joto la ziwa limejaa chumbani, nami sina raha.

Kesho nasimama mbele ya baraza la mtemi, Usagara ya huku ziwani. Binamu yangu Shija anadai uzio wa minyaa ulipandwa na baba yake, kwa hiyo shamba ni lake. Shahidi wangu mimi ni macho yangu: baba yangu ndiye aliyeupanda, nami nilikuwepo. Nilimshikia miche, utomvu ukanichoma jicho, akanipuliza. Baba alikufa nikiwa mdogo. Zaidi ya siku ile ya miche sina kumbukumbu yake nyingine.

Leo nimefunga kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, nikamfuata shangazi ili aje aseme hivyo hivyo.

Baada ya shikamoo nikamweleza. Akacheka. "Wewe? Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, unanilowesha. Miche alishika kaka yako Masanja."

"Shangazi, utomvu ulinichoma jicho."

"Jicho lipi? Lete nilione. Masanja tumemzika na ukungu wake jichoni. Wewe unaona hata msumari ulioanguka mchangani."

Begani alikuwa na kanga mpya. Sikumnunulia mimi. Nikauliza nani kaileta. Akasema Shija, tena bila haya, na kwamba barazani yeye haji.

Nikaondoka najua amenunuliwa.

Lakini hesabu hainunuliwi. Minyaa ilipandwa mwaka aliozaliwa dada yangu. Hilo hata Shija habishi. Dada nimemzidi miaka miwili. Mtoto wa miaka miwili ashike miche gani?

Basi nani aliyeniingizia kichwani? Namshuku Masanja mwenyewe. Alikuwa akisimulia kisa hicho kila tukiota moto. Nami nimekisimulia kwa wateja miaka yote hii, nikiziba kila panapovuja. Kuna mipira ya baiskeli naletewa ina viraka hata mpira wenyewe hauonekani.

Tena kuna hili. Katika kumbukumbu ile namwona mtoto kwa mgongo, toka juu kidogo. Nani anajiona mgongo? Labda nilikuwepo kweli, nachungulia begani kwa shangazi.

Nikafurahi kidogo.

Mara nikasikia harufu ya mgongo wake, samli na moshi. Jana harufu hiyo haikuwemo. Imeingia leo, baada ya maneno yake.

Sasa hata hiyo siiamini.

Wazee wataniuliza: uliona kwa macho yako? Nitajibu kwamba nilisimuliwa. Shija atatabasamu, atachukua shamba. Achukue. Shamba naweza kununua jingine. Hata kibanda changu hakuna aliyenipa.

Ila baba sina kwingine pa kumwona. Kama siku ile alikuwa anamtazama Masanja, mimi aliwahi kunitazama?