Kulungu Aliyekula Cheti Changu

S.L.P. 118,
Cobb Fork,
Milima ya Appalachia.
14 Januari

Mpendwa Mjomba Orville,

Hujambo huko karakanani kwenye meli zako? Mgongo unasemaje? Mwaka jana ulikuwa unatembea kama kuku aliyekanyagwa. Sisi wazima. Bibi Idella anakohoa, lakini kututukana bado anaweza. Mimi ndiyo usiulize: nazidi urefu na uzuri, wewe baki na upara wako.

Sasa nikwambie mwenyewe, kabla Mama hajakupigia simu akalia.

Unajua nilikuwa sekondari huku nachukua kozi za chuo, serikali ya jimbo ikilipa. Kwenye kuchomelea vyuma nilikuwa wa kwanza. Si majivuno, ni habari. Wanaume wazima waliitwa waje watazame kazi yangu. Lakini cheti hupati bila kupita kozi ya uandishi, na huko tulikuwa na Bwana Petrakis, mtu wa mjini, viatu vyake havijui tope.

Mtihani wa mwisho aliuweka Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu.

Mjomba, wewe umezaliwa hapa. Siku hiyo nani husoma? Sekondari imefungwa, hata mchungaji yuko msituni. Nikajua na chuo vivyo hivyo. Sikuuliza, nani huuliza kama Krismasi ipo? Saa moja asubuhi nikaangusha dume lenye pembe za matawi kumi. Kumi. Lile lako la matawi manane lisahau sasa.

Jumatano naingia darasani, damu bado iko kwenye kucha, naambiwa nina sifuri. Petrakis akasema chuo hakina likizo ya wanyama. Sifuri hiyo ikaniangusha kozi nzima.

Bado nilicheka, nikijua nitarudia. Ndipo Bi Lockard, mshauri wa wanafunzi, akaniita ofisini akafunga mlango.

"Tobin, mwanangu, ukifeli kozi moja wanayokulipia, jimbo halikulipii tena. Hata zile za vyuma."

Nikamuuliza kama chuo nacho kitarudisha hela za serikali. Akasema chuo kililipwa tangu Septemba, siku wanafunzi walipohesabiwa.

"Kwa hiyo aliyefeli ni mimi peke yangu."

Alinipa peremende, Mjomba, kama mtoto aliyedungwa sindano.

Zimebaki kozi mbili za vyuma. Mama alitaka kuuza pikapu ya marehemu Babu azilipie. Nikakataa. Wazee anaowauguza wako maili ishirini, ataenda kwa miguu?

Basi ile nafasi ya kuchomelea meli uliyoniombea kwa msimamizi wako, nije Juni na cheti mkononi, usinishikie. Mpe mwingine. Nimeanza kwenye kinu cha mbao, napanga mbao. Hata Petrakis angeiweza kazi hii.

Kulungu tumemjaza kwenye jokofu, tunamla kila jioni. Mama anatafuna bila kunitazama. Pembe sijazitundika. Ziko chini ya kitanda, pamoja na ile kofia ya kuchomelea uliyoniletea.

Nisalimie mkeo Marlys na mapacha. Mungu akulindie macho na mgongo huko kwenye moto.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ukiona kosa, nyamaza.

Akupendaye, na upara wako,
Tobin