Mama Alivyotema Mbele ya Mkwe

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Ilembo tupo, mahindi yameanza kubeba. Umeuliza kama maji ya chumvi yatamkinga mama yako na vidonda vya mdomo akianza dawa za kansa. Yanasafisha na kupoza, lakini hayazuii vyote. Mwulizeni daktari wake kwanza.

Miaka ya tisini mama yangu alitumia dawa hizo. Nesi alinielekeza kwa Kiswahili, nikamwambia mama kwa Kirundi, maana Kiswahili hakukijua: maji yachemke, yapoe, utie chumvi kidogo, usukutue kila ukimaliza kula, uteme.

Mama akakataa. Babu yangu, mkwe wake, alikuwa mgonjwa wa miguu, anashinda mlangoni.

"Niteme baba mkwe akisikia? Bora nisile."

Nami nilikuwa na haya.

Babu akaniita. "Lete na changu kikombe."

Akasukutua kwa kelele, akatema uani mbele yetu.

"Mkamwana, chumvi wamezidisha, au ni mdomo wangu?"

Mama akacheka, akasukutua, akatema. Jioni akamaliza uji. Nilimtazama babu kama simjui.

Ukimpelekea mama yako maji, beba vikombe viwili.

Bibi yako