Mtakatifu Antonio Kichwa Chini

Nubia, uko wapi? Shoga, nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya Eliécer, yule wa duka la dawa, siku ya kwanza anakuja kula kwetu!

Wali wa nazi uko mezani, nikamwita kwanza aone samaki wangu, lile tangi la maji ya chumvi. Akachungulia nyuma ya jiwe. "Mbona kuna miguu humu?"

Miguu, Nubia. Ya sanamu ya Mtakatifu Antonio, yule anayeombwa wachumba! Mama alimzamisha kichwa chini kisirisiri, hatolewi mpaka anipatie mume. Mimi nalisha samaki kila siku, sina habari.

Eliécer akamchomoa. Ile sanamu ni tupu ndani, shoga, wakamwagika minyoo wa baharini. Minyoo! Wekundu, warefu kama kidole, wana manyoya yanayowasha kama upupu. Wakamwangukia mkononi. Alipiga yowe mpaka majirani wakatoka.

Unajua mama alisema nini? "Mrudishe! Hajamaliza kazi!"

Halafu akanigeukia. "Nimemwomba mume, kakuletea minyoo. Hata yeye kaona ndiyo saizi yako."

Na Eliécer, mkono umemvimba, akacheka. Akacheka, Nubia! Akaaga, wali hakuugusa.

Nikadhani yameisha. Sasa hivi nimemkuta mama jikoni, kamwosha Antonio, kamsimamisha wima, kamwashia na mshumaa. Anamfuta uso polepole.

"Nisamehe, baba," anamwambia. "Nimekutesa bure. Kumbe kosa halikuwa lako."